Maswali ya Wasomaji: Safari ya Familia Katikati ya Muhula

Barua nne za toleo hili zinahusu jambo moja, nalo ni kumtoa mtoto shuleni ili familia isafiri. Waandishi wake ni mama, baba, mwalimu na mwanafunzi, na kila mmoja analitazama jambo hili kutoka upande wake. Jibu la barua ya kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu mama huyu ameuliza maswali ambayo wasomaji wengine wengi wamekuwa wakiyauliza moja moja.

Mhariri wa safu ya malezi, pokea salamu zangu. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili: wa kike yuko darasa la tano, wa kiume ameanza sekondari mwaka huu. Tumeweka akiba kwa muda mrefu ili tusafiri sote pamoja, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Tatizo ni kwamba shule zinapofungwa nauli na bei za vyumba hupanda kiasi cha kutushinda, ilhali wiki mbili kabla ya kufunga tunazimudu. Mume wangu anasema siku kumi za masomo si kitu, hasa kwa kuwa wakati huo walimu wanarudia tu yale waliyokwisha kuyafundisha. Mimi nina wasiwasi. Je, tutakuwa tumewakosea watoto? Na tukienda, ni lazima tuombe ruhusa, au inatosha kumwambia mwalimu kwamba wanaumwa? — Mama wa watoto wawili

Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi: msiseme wanaumwa. Uongo huo hauishii kwenu wazazi. Ninyi mtaandika mistari miwili, mtasafiri na kurudi, lakini kuanzia asubuhi ya kwanza darasani atakayelazimika kuuendeleza ni mtoto. Mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, atamwinamia na kumuuliza, "Umepona, mwanangu? Ulikuwa unaumwa nini?" na binti wa miaka kumi au kumi na mmoja atatakiwa kuchagua papo hapo kati ya kumdanganya mwalimu anayempenda na kuwaumbua wazazi wake. Wakati wa mapumziko atakuwa na mengi ya kuwasimulia wenzake, naye amekatazwa kuyasimulia. Safari mliyojinyima mambo mengi ili muipate itageuka siri ya kufichwa. Isitoshe, mwalimu anayeamini kwamba mtoto ameugua wiki mbili humtazama kwa namna nyingine: humpunguzia kazi, humwonea huruma anapokosea, na pengine huomba cheti cha daktari. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomfaa mtoto aliye mzima.

Kuhusu bei, malalamiko yako ni ya haki, na sikubaliani na wanaosema kwamba mzazi anayetazama gharama hathamini elimu. Shule zinapofungwa, familia nyingi hutaka usafiri na vyumba kwa siku zile zile, na bei haina budi kupanda. Serikali kadhaa zimeliona hili. Ufaransa imezigawa shule zake katika kanda tatu, A, B na C, ambazo likizo zao za majira ya baridi na za majira ya kuchipua hazianzi siku moja. Ujerumani nayo hupanga likizo za kiangazi za majimbo yake 16 kwa kupishana, ili barabara na sehemu za mapumziko zisifurike kwa mkupuo mmoja. Pasipo na utaratibu wa aina hiyo, mzazi hubaki na nafasi chache za kujinusuru, lakini zipo. Wengi hulinganisha bei ya wiki mbili kabla ya kufunga na bei ya siku yenyewe ya kufunga, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa bei mbaya kabisa za mwaka. Kabla hamjaamua kukatiza masomo, ulizieni bei za katikati ya juma, za katikati ya likizo baada ya sikukuu kupita, na za likizo fupi ya katikati ya muhula kama shule yenu inayo. Huenda tofauti iliyobaki ikawa ndogo kuliko mnavyodhani, na huenda isiwe. Lakini angalau mtakuwa mmeamua kwa hesabu kamili.

Sasa nije kwenye hoja ya mume wako, ambayo siikubali, ingawa naelewa inakotoka. Shule za England hufundisha kwa siku 190 kwa mwaka, na shule nyingi za Marekani kwa siku 180, maana yake ni kwamba mtoto wa huko ana siku zisizopungua 175 ambazo hatakiwi kuwa darasani. Katika nchi hizo mbili, mtoto anayekosa asilimia 10 ya siku za masomo au zaidi huhesabiwa katika kundi la wanaokosa shule kupita kiasi, hata kama kila siku aliyoikosa ilikuwa na sababu. Asilimia 10 ya siku 190 ni siku 19. Safari ya siku kumi peke yake imekwisha kuvuka nusu ya kiwango hicho. Ongeza siku chache za homa na mafua, ambazo hakuna mtoto anayezikwepa, ongeza na msiba au harusi ya ndugu, na mtoto wa familia inayojali anajikuta karibu kabisa na mstari ambao wazazi wake wasingedhani unawahusu.

Hata hivyo sitaki kukutisha kwa asilimia. Ni kweli kwamba watoto wanaokosa shule mara nyingi hupata matokeo ya chini kuliko wenzao, lakini wengi wao wana matatizo mengine yanayowaandama, kama vile maradhi, umaskini, au nyumba isiyo na utulivu, na si haki kuchukua hali yao na kuibandika kwa mtoto anayesafiri na wazazi wake kwa juma moja. Kwa hiyo mimi huwaomba wazazi waache kwanza kuhesabu siku na waulize kitu kingine: siku hizo darasani kutafundishwa nini?

Tuseme juma moja darasa la tano linajifunza kujumlisha sehemu. Jumatatu mwalimu anaonyesha kwamba nusu na theluthi haziwezi kujumlishwa mpaka ziwe na asili moja. Jumanne watoto wanatafuta kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3, wanapata 6. Jumatano nusu inakuwa 3/6, theluthi inakuwa 2/6, na jumla yake ni 5/6. Alhamisi wanaanza kutoa, na Ijumaa wana jaribio. Mtoto aliyekuwa safarini tangu Jumatatu hadi Jumatano atakaa kwenye jaribio hilo na kuandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi ni 2/5, yaani ya juu kwa ya juu na ya chini kwa ya chini, na atakuwa na uhakika kwamba amepata. Kunakili daftari la jirani yake hakutamponya, kwa sababu daftari lina majibu na mistari iliyopigwa vizuri, lakini halina yale maswali ambayo watoto waliyauliza na namna mwalimu alivyoyajibu. Siku hizo tatu kwake ni nzito kuliko siku tano za juma jingine ambalo darasa linachora ramani au linafanya mazoezi ya tamasha la shule. Mwalimu wa darasa anaijua tofauti hiyo, na ukimuuliza wiki kadhaa mapema atakuambia.

Kuhusu madai kwamba mwisho wa muhula walimu "wanarudia tu", naomba mume wako alifikirie upya neno hilo "tu". Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, naye akaonyesha kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni kisha hupungua kasi, na kwamba kujifunza upya kitu ulichowahi kukijua huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Marudio ya mwisho wa muhula yanategemea jambo hilo hilo: kumrudisha mtoto kwenye mada ya mwezi wa kwanza wakati imeanza kufutika, ili mara hii ikae. Kwa mtoto aliyeelewa vizuri, kukosa marudio ni hasara ndogo. Kwa mtoto aliyebabaika, hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho kabla ya mtihani. Ninyi mnawajua wenu.

Tofauti kati ya wanao wawili pia ina uzito. Binti yako, kama ilivyo kawaida ya shule za msingi, pengine ana mwalimu mmoja au wawili wanaomjua vizuri, nao wanaweza kumketisha kando na kumfidia. Mwanao wa sekondari ana mwalimu wake kwa kila somo, na kila mwalimu atauona upungufu wa somo lake peke yake: vipindi vichache vya kemia, vichache vya historia, jaribio moja la maabara ambalo vifaa vyake vimekwisha kurudishwa kabatini. Hakuna atakayeijumlisha hasara yote isipokuwa kijana mwenyewe, naye ndio kwanza anajifunza namna ya kuishi katika shule mpya. Kwa huyu ningekuwa mwangalifu zaidi.

Sheria nayo haiwezi kurukwa, na mzazi anayesoma safu hii akiwa nchi ya mbali asidhani kwamba mambo ni kama alikotoka. England, tangu mwaka 2013, mwalimu mkuu haruhusiwi kutoa ruhusa isipokuwa kwa hali isiyo ya kawaida. Tangu Agosti 2024 faini ya kumkosesha mtoto shule bila ruhusa ni pauni 80 ikilipwa ndani ya siku 21, na pauni 160 ikilipwa baada ya hapo lakini kabla ya siku 28 kupita. Kiasi hicho ni kwa kila mzazi na kwa kila mtoto, hivyo familia ya ukubwa wa yenu ingeanzia pauni 320. Baba mmoja wa Isle of Wight aliyempeleka bintiye Florida alipinga faini yake kwa hoja kwamba mahudhurio ya mtoto kwa jumla yalikuwa mazuri; shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza, na Aprili 2017 majaji walimkatalia, wakisema kwamba mtoto anatakiwa kuhudhuria kwa kufuata kanuni za shule yake, si kwa kadiri mzazi anavyoona inatosha. Ujerumani ni wakali vile vile: mwaka 2018 polisi wa jimbo la Bavaria waliwahoji wazazi katika uwanja wa ndege kabla ya likizo ya Pentekoste, wakitaka kuona kama watoto wa umri wa shule waliokuwa wakisafiri walikuwa na ruhusa. Kwingineko hakuna faini ya namna hiyo, na uamuzi uko mikononi mwa mwalimu mkuu. Someni kanuni za shule mlizotia saini siku mlipomwandikisha mtoto.

Kwa hiyo ndiyo, ni lazima kuomba ruhusa, na muiombe kabla ya kununua tiketi. Mzazi anayemwandikia mwalimu mkuu kwamba "tumekwisha lipia" hajaomba ruhusa. Ametoa taarifa, na amemweka mwalimu mkuu mahali ambapo kila jibu litaonekana baya. Barua iwe fupi na ya kweli: majina ya watoto na madarasa yao, tarehe ya kuondoka na ya kurudi darasani, sababu yenyewe bila kuipamba, na namna mnavyokusudia kufidia masomo. Msiandike kwamba safari ni ya kielimu kama mnakwenda kupumzika. Kupumzika pamoja ni sababu ya heshima, na mwalimu mkuu aliyekaa kazini miaka mingi huitambua mara moja barua iliyopambwa. Mpeni muda, na jibu lake mlipate kwa maandishi.

Ukiniuliza ningefanya nini katika nafasi yako, nisingechukua siku kumi. Ningeomba siku tatu au nne za mwisho kabisa wa muhula, baada ya mitihani yote ya kijana kumalizika, na sehemu iliyobaki ya safari iingie ndani ya likizo. Mtalipa zaidi kuliko mlivyopanga, na pengine mtafupisha safari kwa usiku mmoja au miwili. Mwalimu mkuu akikataa hata hizo, ningesubiri muhula mwingine na kuendelea kuweka akiba. Jambo moja la mwisho: rudini nyumbani angalau siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, na kama mmetoka nchi ambayo saa zake zinatofautiana sana na za nyumbani mrudi mapema zaidi, kwa sababu mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti, na mtoto anayesinzia kwenye dawati atakuwa amepoteza siku nyingine ambazo hazimo kwenye barua yenu ya ruhusa.

Ndugu Mhariri, mimi ni baharia. Mkataba wangu hunichukua miezi mingi mfululizo, na ninaposhuka melini napewa likizo kwa tarehe ambazo sizichagui mimi. Kwa miaka mitatu sasa likizo yangu haijagongana hata mara moja na ya watoto wangu. Safari hii nataka kuwachukua kwa juma moja twende mahali tulivu, tuwe pamoja tu. Mwalimu mkuu amesema atafikiria. Ndugu zangu wanasema ninawaharibu watoto. Wewe unasemaje? — Baba wa baharini

Ndugu yangu, ndugu zako wamekosea, nami nasema hivyo kwa moyo mweupe. Hali yako ni mojawapo ya chache ambazo hata nchi zenye sheria kali zimezitengea nafasi. Sheria ya elimu ya lazima ya Uholanzi hairuhusu watoto kutolewa shuleni kwa ajili ya matembezi, ila inatambua kwamba kuna kazi ambazo kwa asili yake humzuia mzazi kupumzika pamoja na wanawe wakati wa likizo za shule. Mzazi wa aina hiyo anaweza kuruhusiwa mara moja kwa mwaka, kwa siku za masomo zisizozidi 10, na zisiwe ndani ya wiki mbili za mwanzo wa mwaka wa shule. Naona masharti hayo ni ya busara hata mahali ambapo sheria haiyataji, hasa hilo la mwisho, kwa kuwa wiki za mwanzo ndipo mtoto anapopata kiti chake, marafiki zake na mazoea ya mwalimu mpya.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unazitaka serikali, katika kifungu cha 28, zihimize watoto wahudhurie shule kwa ukawaida. Na vifungu vitatu mbele, katika cha 31, unamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Walioandika mkataba huo hawakuona kwamba moja inaifuta nyingine. Mtoto asiyemwona baba yake kwa miezi anahitaji kusoma, na anahitaji baba pia.

Unaposubiri jibu la mwalimu mkuu, msaidie kukubali. Mpelekee barua ya mwajiri wako inayoonyesha tarehe za kupanda na kushuka melini, kwa sababu "kazi yangu ni ngumu" ni maneno ambayo kila mzazi huyasema, lakini karatasi yenye tarehe na mhuri humpa kitu cha kuweka kwenye faili. Mweleze pia kwamba jambo hili halijatokea kila mwaka. Nakuomba vile vile usiisahau nusu nyingine ya likizo yako, ile ambayo watoto watakuwa shuleni na wewe uko nyumbani. Baba anayempeleka mtoto hadi lango la shule asubuhi, akamsubiri mchana, akakaa naye mezani anapofanya hesabu zake na kuuliza rafiki mpya anaitwa nani, anampa mtoto kitu ambacho juma moja la safari halikitoshelezi. Kwa mtoto mdogo, huenda hizo ndizo siku atakazozikumbuka.

Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Kila muhula wazazi wawili watatu hunijia siku moja kabla ya kusafiri, mara nyingine langoni, wakitaka niwaandalie "kazi za wiki nzima" ili mtoto asiachwe nyuma. Nikikataa naonekana sina roho. Nikikubali najikuta nikiandika masomo mawili, la darasani na la huyo mmoja. Wajibu wangu unaishia wapi? — Mwalimu

Mwalimu, pole kwa kazi, na nashukuru umeuliza waziwazi. Kwa maoni yangu huna wajibu wa kuandaa masomo ya pembeni kwa mtoto ambaye wazazi wake wamechagua kusafiri, na hasa kwa taarifa ya siku moja. Huo si ukosefu wa roho. Jioni unayoitumia kuandika karatasi za mtoto mmoja imetoka kwa wengine wote waliobaki, akiwemo yule ambaye hana mtu wa kumsaidia nyumbani.

Nasema hivyo kwa sababu nyingine pia, nayo ni kwamba kazi hizo hazifanyi kile wazazi wanachotumaini. Karatasi ishirini zilizobanwa pamoja hukaa chini ya begi hadi usiku wa mwisho wa safari, kisha mtoto huzijaza kwa haraka huku mama akimsomea majibu, na wewe unapokea kurasa zilizojaa ambazo hazikuonyeshi alichoelewa. Ningependa umwambie mzazi mambo matatu tu, kwa sentensi tatu: mada zitakazofundishwa siku hizo na kurasa zake kitabuni, kwamba mtoto asome kitabu chochote anachokipenda kwa nusu saa kila siku, na kwamba akirudi utamwita siku moja wakati wa mapumziko, umpe maswali mawili matatu ya mdomo uone amesimama wapi. Maswali hayo yatakuambia zaidi ya karatasi zote zile. Kumfundisha upya yaliyompita ni kazi ya wazazi, kwa kitabu cha kiada na kwa subira, na hakuna ubaya kuwaambia hivyo kwa upole.

Kuhusu taarifa za langoni, pelekeni jambo hili kwenye kikao cha walimu ili shule nzima iwe na kauli moja, kwa mfano kwamba maombi yote yaende kwa mwalimu mkuu kwa maandishi wiki tatu kabla. Mwalimu mmoja akiwa mkali na wa darasa la jirani akiwa mlegevu, wazazi watalinganisha, nawe ndiwe utakayelaumiwa. Nakuomba kitu kimoja tu kwa niaba ya mtoto: anaporudi, asikutane na uso wa kumnunia wala maneno ya "ulipokuwa unastarehe wenzako walisoma". Hakuinunua yeye ile tiketi.

Shikamoo Mhariri. Nina miaka 16 na ninajiandaa kwa mtihani wa taifa. Wazazi wangu wamepanga safari ya familia ya siku tisa ambayo itaangukia katikati ya mtihani wetu wa majaribio. Wanasema nimesoma sana na ninahitaji kupumzika, na kwamba majaribio hayahesabiwi. Mimi sitaki kwenda, lakini wamefurahi sana na wameshawaambia ndugu wote. Naogopa kuonekana sina shukrani. Niwaambieje? — Binti wa mtihani

Marahaba, mwanangu. Kwanza ujue kwamba kutotaka kwenda si utovu wa adabu. Ule mkataba wa haki za mtoto nilioutaja kwenye jibu la baba baharia una kifungu cha 12, kinachosema kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Una miaka 16, na mtihani ni wako. Wazazi wako hawawezi kuyazingatia maoni ambayo hujayatamka.

Wako sahihi katika jambo moja, kwamba unahitaji kupumzika, na uanze kwa kulikubali hilo. Waambie umeona walivyohangaika kupanga safari hii na kwamba moyo wako umefarijika. Kisha waeleze kile ambacho pengine hawakijui kuhusu mtihani wa majaribio: kwamba alama zake haziingii kwenye cheti, lakini ndiyo mara ya pekee utakayoketi kwa masaa kamili ya karatasi halisi, ukajua swali gani linakumalizia muda, na ukarudishiwa karatasi yenye kalamu nyekundu ya mwalimu ukiwa bado na wiki za kurekebisha. Usiwaeleze kwa maneno matupu. Chukua ratiba ya majaribio na kalenda ya safari, uziweke mezani pamoja, waone kwa macho yao karatasi zipi zitakupita. Wazazi wengi hupanga safari wakiwa na kalenda ya kazi zao tu mkononi.

Uje pia na pendekezo, usije na kukataa peke yake. Inawezekana safari ikasogezwa hadi wiki inayofuata majaribio, wakati ambapo hakika utahitaji kupumzika. Inawezekana ukabaki kwa shangazi au kwa bibi hadi karatasi ya mwisho, ukawafuata siku zilizobaki au ukawasubiri. Chagua wakati ambao wote wawili wametulia, wala usiwaambie mbele ya wadogo zako, ambao bila shaka wameanza kuhesabu siku.

Ukiona maneno yako hayajaingia, mwombe mwalimu wako wa darasa azungumze nao. Si kuwashtaki, wazazi wengi humsikiliza mwalimu haraka kuliko mtoto wao kwa sababu tu ameona madarasa mengi yakipita. Na endapo baada ya yote wataamua kwamba safari ibaki ilivyo, nenda kwa mwalimu wa taaluma mapema, umweleze tarehe, na umwombe akupe karatasi zitakazokupita, uzifanye chini ya usimamizi kwa muda ule ule mara utakaporudi, kabla hujayaona majibu ya wenzako. Baadhi ya shule hukubali hilo kwa mwanafunzi aliyeomba mwenyewe na aliyeomba kwa wakati.